Ukurasa Niliousahihisha Kimyakimya

Maitu,

Wewe na mama yako mmeteremka mjini kutafuta blanketi zito na sanduku lenye kufuli, nami nimebaki hapa Kamakwa na mchana mtupu. Nimefunga kompyuta ya kazi, nikachukua kalamu. Kesho asubuhi utaondoka kwenda Marsabit kuanza kazi ya uuguzi, na kuna jambo moja ninalotaka uende ukilijua.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekuambia kuhusu maji, vumbi, jua, nani wa kumpigia ukifika Isiolo, na jinsi ya kumkatalia mwenye nyumba akitaka kukuwekea mtu wa pili chumbani. Anayajua hayo kuliko mimi. Mimi nitakuandikia kuhusu kosa langu, kwa sababu ndilo ninalolijua vizuri.

Nimekuita Maitu tangu ulipozaliwa. Ulipewa jina la mama yangu, Wangari, na kwetu baba mwenye binti wa namna hiyo humwita Maitu, yaani mama. Wengi hulisema kwa mzaha tu. Miaka miwili iliyopita nilikudanganya kwenye simu, na siku hiyo nilikuita Wangari tangu mwanzo hadi mwisho wa mazungumzo. Sijui kama uliona tofauti.

Unaijua kazi yangu kwa juujuu. Chuoni ukiulizwa baba anafanya nini, ulikuwa ukijibu, "Anaandika vitu vya kompyuta." Hukukosea. Baada ya kuacha kufundisha Kiswahili niliajiriwa na kampuni ya ng'ambo ambayo ofisi yake sijawahi kuikanyaga. Wanatengeneza zana za kuendesha kivinjari, ile programu tunayofungulia tovuti, bila mtu kushika kipanya. Anayeziendesha ni akili mnemba. Unaiambia: fungua tovuti hii, jaza fomu hii, tuma. Inafungua, inasoma ukurasa, inaandika majina, inabofya vitufe. Mara ya kwanza nilipoiona ikifanya kazi nilisahau chai ikapoa. Herufi zilikuwa zikijipanga kwenye visanduku na kiti kilikuwa kitupu.

Mimi naandika miongozo yake. Kwa kila zana naeleza inafanya nini, inahitaji kupewa nini, na inarudisha jibu gani. Zana ya kubofya, kwa mfano, hurudisha neno moja: imefaulu. Wasomaji wangu ni wa aina mbili. Kuna watu, na kuna zile akili mnemba zenyewe, ambazo husoma mwongozo kabla ya kuanza na kuufuata. Mtu akikuta sentensi yenye kasoro hukunja uso, pengine akauliza. Mashine haikunji uso.

Nilikuwa hodari na nilijua hivyo. Miaka ya kufuta maneno ya ziada kwenye insha za wanafunzi ilinizoesha kupenda ukurasa mfupi. Nilipokuwa nikiandika ukurasa wa zana ya kubofya nilimuuliza mhandisi aliyeitengeneza kama "imefaulu" maana yake fomu imepokelewa. Alinijibu siku hiyohiyo: hapana, maana yake kitufe kimebofywa, ukurasa ukifanya jambo lingine baada ya hapo, zana haijui. Nilisoma jibu lake na nikalielewa kabisa. Kisha nikaandika: "Zana ikirudisha imefaulu, kazi imekamilika." Nilijiambia kwamba hilo lingine nitaliongeza nikipata namna ya kulisema kwa sentensi moja. Sikuipata, na sikurudi.

Nataka uelewe sehemu hiyo kabla sijaendelea. Sikuwa sijui. Watu wengi husamehewa kwa kutojua, na mimi mwenyewe nimewahi kujisamehe kwa njia hiyo mara nyingi. Safari hii nilikuwa nimeuliza na nikajibiwa.

Sasa nikueleze kuhusu Nyambura, ambaye umemwita Tata, yaani shangazi, tangu utotoni.

Unamkumbuka alivyokuwa akija hapa Jumapili, rafiki ya mama yako tangu wakiwa shule, yule aliyekusuka siku ya kipaimara chako akakukataza kulia. Ofisi yake iko Chaka, chumba kimoja kinachotazamana na wachoma nyama, na nje kuna benchi. Watu wa Kieni wakija soko humletea vitambulisho na vyeti vyao, naye huwajazia maombi mtandaoni: vyeti vya kuzaliwa, leseni, nafasi za chuo. Anajaza kwa vidole viwili lakini hakosei herufi. Wiki za mwisho za maombi ya vyuo benchi hujaa hadi watu wanakaa kwenye nyasi.

Jumapili moja, ukiwa mwaka wa pili chuoni, aliniuliza hapa mezani, "Mwalimu, hiyo kompyuta yako yenye inajibonyeza yenyewe, si inaweza kunisaidia? Watu wananimaliza."

Nilifurahi kuulizwa. Sehemu kubwa ya kazi yangu husomwa na watu nisiowaona kamwe. Wiki hiyohiyo nilikwenda Chaka, nikamwekea zana kwenye kompyuta yake, tukajaribu ombi moja pamoja. Mwombaji alikuwa ameketi hapo mlangoni na cheti chake. Nyambura alitazama visanduku vikijaa akashika shavu.

"Ati hadi shule ya msingi imejaza!"

"Imesoma kwenye cheti ulichoiwekea."

"Na nitajuaje imeingia huko mbele?"

Lilikuwa swali lilelile nililomuuliza mhandisi. Nilimwonyesha neno kwenye kioo. "Ikiandika imefaulu, imeingia."

"Niandikie basi. Mimi ni mtu wa karatasi."

Nikamtolea mwongozo kwa Kiswahili, kurasa mbili, nikiufupisha ule wa kampuni. Niliuweka pia mtandaoni ili aufungue kwenye simu akipoteza karatasi. Sentensi ya saba ilisema: "Ikiandika imefaulu, ombi limepokelewa." Alipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu mbele yangu.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri, na hiyo ndiyo hatari ya sentensi ya namna ile. Ilikuwa kweli karibu kila siku. Halafu wiki ya mwisho ya maombi ya chuo kimoja cha ualimu, tovuti ikabadilishwa. Baada ya kubofya "tuma", kilitokea kidirisha kidogo kikimtaka mwombaji aandike namba iliyotumwa kwenye simu yake. Bila namba hiyo ombi halikwenda popote. Zana ilibofya "tuma", ikarudisha neno lake, ikafunga ukurasa na kuanza fomu iliyofuata. Iliwafanyia hivyo watu tisa.

Nyambura alinipigia Jumatano. Watu wake walikuwa wamengoja ujumbe wa chuo kwenye simu na haukuja.

"Ulifuata mwongozo?" nikamuuliza. Hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza.

"Nimefuata vile umeandika."

"Basi huenda ni mtandao. Wajazie tena kwa mkono, upesi. Mwisho ni Ijumaa."

Nilipokata simu nilifungua tovuti ya chuo, nikajaza ombi la majaribio hadi kwenye kitufe, nikakiona kile kidirisha. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha uji. Kisha nikafanya kile ambacho katika kazi yetu ni cha kawaida kabisa. Nilifungua kurasa zangu, ule wa Kiingereza na ule wa Nyambura wa mtandaoni, nikasahihisha. "Imefaulu maana yake ni kwamba kitufe kimebofywa tu. Fungua ukurasa tena uhakikishe ombi limepokelewa." Ilitoka vizuri, na tena kwa sentensi mbili tu. Sikuandika popote kwamba nimebadilisha. Sikumpigia Nyambura. Nilijiambia ana kazi nyingi, nisimchanganye, nitamweleza yakitulia.

Nyambura alijaza kwa vile vidole viwili Jumatano yote na Alhamisi yote. Wanane aliwapata na namba zao zikaingia. Wa tisa alikuwa msichana anayeitwa Wairimu, aliyelelewa na nyanya yake huko ndani Kieni. Alikuwa amekwenda Kangema kwa shangazi yake kuchuma chai akingoja majibu, na simu yake ilikuwa imeharibika. Nyambura alipiga hadi Ijumaa jioni. Maombi yakafungwa.

Wiki iliyofuata mjomba wa Wairimu alifika Chaka. Sikuwepo, naeleza kama nilivyoelezwa baadaye. Nyambura alimtolea karatasi yake, akamwonyesha sentensi yenye mstari mwekundu. Mjomba akachukua anwani iliyoandikwa chini ya karatasi, akaifungua kwenye simu, akasoma kwa sauti mbele ya watu wa benchi.

"Hapa imesema ufungue tena uhakikishe. Wewe ulihakikisha?"

"Hiyo haikuwa hapo."

"Sasa imeandikwa na nani? Hii karatasi ni wewe ulijichapia."

Watu wa benchi walisikia. Habari ya namna hiyo katika mji wa soko haihitaji kusukumwa. Wengine walianza kupeleka vyeti vyao Nanyuki. Nyambura hakuniambia kitu kwa wiki mbili. Nadhani wiki ya kwanza alikuwa akijiuliza kama macho yake yalimdanganya, na wiki ya pili alikuwa amekwisha kuelewa na alikuwa akiningoja.

Sikwenda. Ndipo akaja yeye, Jumapili, mama yako akiwa anamimina chai. Aliweka karatasi mezani, akaweka simu kando yake, ukurasa ukiwa umefunguliwa.

"Mwalimu, mimi nasoma vibaya?"

Mama yako alinitazama. Nilizisoma zote mbili kana kwamba sikuzijua.

"Husomi vibaya," nikasema.

"Nani amebadilisha?"

"Ni mimi."

"Siku gani?"

"Siku ile ulinipigia."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Kwa hivyo ukikata simu, ulijua. Ukaniacha na hao watu wiki mbili." Alichukua simu yake, akaacha karatasi, akatoka bila kunywa chai. Mama yako alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akasimama mlangoni.

"Baba Wangari, kesho utaenda Chaka," akasema.

Ninapokumbuka, kile kikosi cha watu wa kulaumiwa nilichojipangia wiki hizo mbili kinanishangaza. Tovuti ilibadilika bila taarifa. Mhandisi angeitengeneza zana ijue. Wairimu angeacha namba nyingine. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa limesimama mbele ya benchi likitukanwa. Aliyesimama hapo alikuwa Nyambura.

Nilikwenda Jumatatu. Nyambura alikuwa ofisini, akaendelea kuandika nilipoingia. Nilitoka nje nikawaambia waliokuwa kwenye benchi kwamba mwongozo niliuandika mimi, kwamba sentensi ya zamani ilikuwa ya uongo, na kwamba niliibadilisha baada ya watu kuumia bila kumwambia yeye. Walikuwa watu wanne. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye ninayepiga picha za pasipoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu kubwa na nikapata swali hilo tu. Nyambura alisikia kupitia mlango. Hakutoka.

Kisha nilichukua boda hadi kwa nyanya ya Wairimu. Wairimu alikuwa amerudi kutoka Kangema, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa chai. Walinikaribisha, nikaeleza yote tangu mwanzo. Nyanya alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hivyo si Nyambura?" Wairimu akauliza.

"Si yeye."

"Mjomba alimwita mwizi."

"Najua."

Nyanya akafumbua macho. "Na hiyo mashine, haikuona haijafika?"

"Haikuangalia, Shosho. Haijui kuangalia mpaka iambiwe. Na mimi niliandika haina haja."

"Na ulikuwa unajua iko na haja?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa kama mtu anayepokea bei ya kitu asichokusudia kununua. "Basi umemwambia mtoto mwenyewe. Ni vizuri. Lakini mwaka wake ni mwaka wake."

Wairimu aliniomba niandike barua kwa chuo, nikaiandika hapohapo, nikisema kosa ni langu. Chuo kilijibu kwa heshima kwamba nafasi zimejaa. Alirudi Kangema, akachuma chai mwaka mzima, akaomba tena, akajaza fomu kwa mkono wake mwenyewe. Sasa yuko mwaka wa kwanza. Hajawahi kuniambia amenisamehe na sijamuuliza. Mara moja aliniandikia ujumbe akitaka kujua tofauti ya "kuhakiki" na "kuhakikisha", nikamjibu, akaandika asante.

Kazini niliomba niweke juu ya ukurasa maelezo ya kile kilichokuwa kimeandikwa zamani na siku kilipobadilishwa, na kwamba waliofuata maneno ya zamani hawakukosea. Msimamizi wangu aliona kwamba jambo hilo litawatia watu wasiwasi. Tulizungumza mara tatu. Mwishowe yaliwekwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, mahali ambapo wachache hufika. Yapo. Ningetaka nikuambie nilishinda, lakini sivyo ilivyokuwa. Tangu hapo kila mwongozo ninaouandika una sehemu ya mwisho inayosema zana hii haifanyi nini na haijui nini. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiandika kwanza siku hizi. Kurasa zangu zimekuwa ndefu, na kuna wanaosema nimezeeka.

Nawe ulinipigia mwezi huo kutoka chuoni. Uliniuliza, "Baba, mbona Tata Nyambura siku hizi haji? Mama akiulizwa anasema nikuulize wewe." Nikasema, "Wangari, ako na kazi mingi. Ni msimu wa fomu." Ulikubali mara moja. Uliniamini kwa namna ambayo ile mashine iliamini ukurasa wangu, na nilikuacha na sentensi hiyo miaka miwili. Leo naisahihisha, na nimeandika hapa kwamba nimeibadilisha.

Sijui mengi kuhusu wodi. Najua kwamba utakuwa ukiandika kwenye faili, na kwamba mwenzako wa zamu ya usiku, usiyemfahamu vizuri, atasoma na kufuata. Utaandika amemeza dawa, na pengine ulichoona ni kwamba uliiweka kiganjani mwake ukaitwa kitanda kingine. Siku nyingi itakuwa kweli. Utakuwa umechoka, na faili litapendeza likiwa fupi. Mimi sikuwa hata nimechoka. Na ukikosea, maana utakosea, utaona kuna kalamu mkononi na nafasi ya kutosha ya kusahihisha bila mtu kujua. Siku hiyo fikiria ni nani ameshika karatasi ya zamani.

Jambo lingine nililojifunza ni dogo na sikulipenda. Nilidhani kusema ukweli mbele ya benchi kungefunga habari hii, nitoke hapo nikiwa mwepesi. Nilitoka nikiwa na njaa, nikala nyama pale mbele, nikarudi nyumbani. Nyambura alipata watu wake polepole, wengi wao, si wote. Huwa anampigia mama yako. Mwaka jana mama yako alipolazwa alikuja hospitalini saa ambayo alijua nimekwenda kazi za nje. Hana ubaya nami kwa maneno. Haji tu. Nimekubali kwamba huenda ikabaki hivyo, na kwamba ni haki yake.

Kesho gari lako litapita Chaka kabla ya saa tatu, na madereva wa njia hiyo husimama hapo watu wanunue chai. Mama yako amekwisha kumwambia Nyambura kwamba unapita. Sijui kama atatoka. Akitoka, usiniombee msamaha na usimpelekee salamu zangu. Mwache akushike, umwambie unakwenda kufanya nini. Ukikaa naye huko mbele siku za likizo, akitaka kukueleza habari hii mwenyewe, msikilize hadi mwisho, kwa sababu mimi nimekuandikia kile nilichokiona nikiwa upande huu wa meza. Akisema tofauti na nilivyoandika hapa, mwamini yeye.

Baba yako